Nilidhani Ninapofuka, Kumbe ni Skrini

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie, na naomba pia univumilie, maana jambo lenyewe limeishia vizuri lakini limeniachia mzigo ambao sijui niutue wapi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka arobaini na mmoja, kazi yangu ni kupiga picha, za harusi hasa, na mahafali, na watoto wachanga, na kuzitengeneza nazitengenezea nyumbani, kwenye kona ya sebule kati ya kabati la vyombo na dirisha, juu ya meza aliyonichongea mume wangu ambaye ni seremala, na hapo ndipo ilipokaa kompyuta yangu pamoja na skrini niliyoinunua ikiwa tayari imetumika ofisini kwa watu, nami nikaitumia miaka sita bila kuilalamikia. Kaka yangu, tumbo moja, mkubwa wangu kwa miaka mitano, ana duka la kuchapa picha, na tangu nianze kazi hii nilikuwa nampelekea yeye, mimi napiga, yeye anachapa, wala hatukuwahi kukosana.

Sasa kama miaka mitatu iliyopita kaka akaanza kunipigia simu na kuniuliza, mdogo wangu, mbona watu wako wana baridi hivi, na mimi nikamwambia baridi gani, akasema nyuso zimekuwa za kijivu na bluu, bi harusi anaonekana kama ametolewa kwenye friji. Mimi nikitazama kwenye skrini yangu naona picha nzuri, rangi ya ngozi imetulia, gauni jeupe, nikamwambia itakuwa ni wino wako au mashine yako imechoka. Akaniambia mashine inachapa kile inachopewa, niruhusu niongeze njano kidogo. Nikamwambia usiguse kazi yangu, wewe chapa. Akachapa, na kweli zikatoka za kijivu, na mimi nikazidi kuamini kwamba ni mashine yake.

Siku tuliyokosana ilikuwa dukani kwake, asubuhi, kuna wateja watatu kwenye benchi wanasubiri picha za vitambulisho, mimi nimeshika albamu ya harusi ambayo mama wa bi harusi amenirudishia akilalamika kwamba mwanawe anaonekana mgonjwa, na nikaanza kusema maneno, mshauri, maneno ambayo mtu hamwambii kaka yake, kwamba anang'ang'ania mashine mbovu kwa ubahili, kwamba ananiharibia jina kwa sababu hapendi kuniona napanda. Yeye hakupandisha sauti. Alifunika ile albamu akasema, "Mdogo wangu, kapime macho."

Hapo ndipo pa kunielewa. Marehemu mama yetu alikuwa anadarizi mashuka na foronya kwa kuuza, na alipofika miaka hamsini na kitu akaanza kuchanganya nyuzi, anachukua ya bluu akidhani ni nyeusi, anashonea jani rangi ya maji, sisi tukacheka, tukadhani ni haraka zake, kumbe ilikuwa presha ya macho, na miaka minne baadaye alikuwa anashikwa mkono kwenda chooni. Kaka aliyajua hayo kama ninavyoyajua mimi, tulimshika mkono kwa zamu. Kwa hiyo aliponiambia kapime macho mbele za watu, mimi nilisikia ananiapiza. Nikachukua albamu yangu nikaondoka, na toka siku hiyo ni miaka miwili hatujasemezana, salamu zinapita kwa wifi, na za wifi nazo zilikuwa zimeanza kukauka.

Nikahamia kwa mchapaji mwingine, mbali kidogo, na picha zikatoka nzuri, mshauri, nzuri kabisa, nikasema si mnaona, nikaandika kwenye kundi letu la wapiga picha kwenye simu kwamba mashine ya kaka yangu imekufa na anayeipenda kazi yake asipeleke huko, na wenzangu wanne wakamhama, baadaye nikasikia duka lake lilikuwa vyumba viwili limebaki kimoja, na kile kingine wifi anauzia madaftari na kalamu.

Lakini ndani yangu lile neno la macho halikutoka. Mteja akisema picha ina baridi nashtuka. Nikishindwa kuingiza uzi kwenye sindano nakaa chini. Kwenda kupima niliogopa, kwa sababu nikipimwa nikaambiwa ndiyo, kazi imekwisha siku hiyo hiyo, na nisipopimwa basi bado naona. Nikaanza kufanya kitu ambacho sikumwambia mtu yeyote: asubuhi watoto wakishaenda shule na baba yao akishaenda kwenye karakana, nafumba macho natembea ndani ya nyumba, kutoka kitandani hadi mlango hatua saba, kutoka mlango hadi jiko kumi na moja, nashika ukuta, nachukua sufuria, namimina maji kwa kusikiliza sauti ya chombo kikijaa. Nilikuwa najiandaa. Nikawa hodari, ningeweza kupika chai nzima macho yamefumbwa.

Mwaka huu kompyuta ikawa kero, nikibonyeza picha ifunguke naenda kuanika nguo nikirudi bado inazunguka, mume wangu akasema tuiboreshe, tuongeze memori, tuweke diski mpya yenye kasi, na mimi nikasema na skrini pia, kubwa. Nilimwambia ni kwa ajili ya kazi. Ukweli ni kwamba nilitaka kubwa kwa sababu nilidhani macho yananiishia, nikaona labda ukubwa utaninunulia mwaka mmoja au miwili.

Fundi wa kompyuta tuliyemwita ni dada mmoja mwembamba ambaye mtaani wote wanamwita Bisibisi, maana haachi kuishika, hata akila iko mfuko wa mbele. Alikuja Jumamosi asubuhi, akafungua kompyuta, akapuliza vumbi, akaweka memori, akaweka diski, akahamisha picha zangu zote za miaka yote, zile za asili kama zilivyotoka kwenye kamera na zile nilizozitengeneza, halafu akaiweka skrini mpya kando ya ile ya zamani ili nione tofauti ya ukubwa. Akafungua picha moja kwenye zote mbili. Mshauri, kulia kulikuwa na bi harusi wangu ninayemjua, kushoto kwenye skrini mpya kulikuwa na maiti amevaa shela.

Nikamwambia, "Umeniuzia skrini mbovu."

Akasema, "Subiri mama." Akatoa kidude kama kipanya cha kompyuta, akakining'iniza kwenye kioo cha ile mpya, rangi zikapita moja moja, akasema hii iko sawa. Akakihamishia kwenye ya zamani, akaangalia, akaangalia tena. "Hii imegeuka njano muda mrefu sana. Na imefifia. Unaionaje siku zote?"

Nikasema naiona sawa. Hakubishana, akaniambia lete kamera, piga picha kitu cheupe unachokijua. Dirishani kulikuwa na shati la shule la binti yangu nimelianika, nikalipiga, tukalifungua bila kulitengeneza. Kwenye skrini mpya lilikuwa shati la binti yangu, jeupe, hata doa la kalamu kwenye mfuko lina bluu yake. Kwenye ya zamani lilikuwa kama limelowekwa kwenye chai. Na lenyewe lilikuwa linaning'inia pale pale, nikawa naangalia dirisha, naangalia skrini, naangalia dirisha. Skrini ilikuwa imezeeka pole pole kama anavyozeeka mume, humuoni anavyobadilika kwa sababu mnaamka naye kila siku, na mimi kila mwaka nikawa naongeza bluu na mwanga kwenye nyuso za watu ili zilingane na ule unjano bila kujua. Macho yangu yalikuwa mazima, mshauri. Niliketi sakafuni nikalia na kucheka kwa pamoja, Bisibisi akakimbilia swichi ya ukutani akidhani nimepigwa na umeme.

Jumatatu yake nilikwenda kliniki ya macho, daktari akanipima presha ya macho, akanipima rangi, akaniambia macho mazima, unahitaji miwani ya kusomea tu kama watu wa umri wako. Sijawahi kufurahia kuambiwa umri wangu kama siku ile. Nilipotoka nikampigia yule mchapaji wangu wa pili, nikamuuliza picha zangu huwa zinakuja vipi, akasema, "Zinakuja za bluu, mama. Nilijua ndivyo unavyopenda kuzitengeneza. Mimi sibishani na mteja, naongeza njano, nachapa."

Nilimweleza mume wangu yote, pamoja na zile hatua saba na kumi na moja. Akasema, "Miaka miwili unajifunza upofu ndani ya nyumba na mimi nipo?" Akaenda karakana bila penseli yake sikioni, na hiyo si kawaida yake. Jioni tuliongea kidogo, akaniambia kuhusu kaka nisifukue mambo, nianze tu kumpelekea kazi kimya kimya, yeye si mtoto ataelewa. Nami nimefika mara mbili hadi kona ya duka lake nikarudi. Pia wapo wateja kumi na wanne ambao wana albamu na flashi zenye nyuso za kijivu, wengine hawajalalamika, na nikiwaambia nimejiharibia jina kwa mdomo wangu mwenyewe. Nina furaha, mshauri, naamka nafungua macho na kushukuru kila ninachokiona, lakini furaha hii naila kwa kujificha kama mwizi. Nifanye nini?

Ni mimi, mpiga picha mwenye macho mazima.

*

MSHAURI ANAJIBU

Mpiga picha, pole, na hongera, na uniruhusu nikuseme kidogo, kwa mpangilio huo huo.

Pole kwa miaka miwili ya kupapasa ukuta. Hongera kwa kutoka kwa daktari ukiwa unaona. Sasa la kukusema. Kupima macho ni kazi ya nusu saa, na wewe ukaikimbia miaka miwili ukachagua kujifunza kumimina maji kwa sikio. Mtu mwenye ugonjwa huo kwenye familia ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kwenye foleni, si wa mwisho, maana presha ya macho ikiwahiwa hudhibitiwa, ikiachwa haimrudishii mtu alichopoteza. Bahati ilikubeba. Usiizoee.

Jambo lako sikutaka lisubiri zamu ya gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu Jumatatu ile ile barua yako iliponifikia. Naandika hapa nilichokuambia ili na wengine wasikie.

Nilikuambia mume wako ana nia njema lakini amekosea. Kumpelekea kaka yako kazi kimya kimya ni kumwomba asamehe kosa ambalo hujalitaja, yaani afanye kazi mbili, ya kukusamehe na ya kujifanya hakuna kilichotokea. Ulimtukana mbele ya watu, asubuhi, benchi limejaa. Msamaha upelekwe hapo hapo, saa hizo hizo, benchi likiwa limejaa. Kumwita pembeni ni kujihurumia mwenyewe. Na yale uliyoyaandika kwenye kundi la wapiga picha yafutiwe kwenye kundi hilo hilo, kwa jina lako, kwa maneno yanayoeleweka: nilikosea, skrini yangu ndiyo ilikuwa mbovu, mashine ya kaka yangu ni nzima tangu mwanzo. Ulimi hauna mfupa, ila unavunja mifupa ya watu, na aliyevunja ndiye anayefunga bandeji.

Ukaniuliza, na akinifukuza? Nikakujibu akikufukuza utakuwa umefukuzwa ukiwa umesema kweli, utarudi nyumbani na utalala usingizi. Wewe ulikuwa tayari kuishi bila macho, utashindwaje kusimama dakika tano mbele ya kaka yako?

Alhamisi ukanipigia wewe, na kwa ruhusa yako nalisimulia.

Ulikwenda saa nne asubuhi. Benchi lilikuwa na watu wawili, mmoja na mtoto mgongoni. Hukuanza kwa hotuba, na hapo ulifanya busara kuliko nilivyokuagiza. Ulimpa flashi ukamwambia, "Kaka, chapa hii kama ilivyo. Usiongeze kitu." Akaipokea bila kukutazama, akaiweka kwenye mashine, ikatoka picha ya yule bi harusi wa ile albamu mliyogombania, umeitengeneza upya kutoka kwenye ile ya asili, ngozi yake kama alivyozaliwa nayo. Akaishika karibu na mlango penye mwanga. Ndipo ukasema yote, skrini, shati, njano, kundi la simu, na ukasema hao wawili wa kwenye benchi wakisikia kwamba ulimwonea na kumvunjia riziki.

Naye akakuambia, "Wiki ile niliyokuambia ukapime, mimi nilikuwa nimetoka kupima yangu. Ulivyokuwa unasisitiza picha ziko sawa, nilijua mimi ndiye ninayeanza kuona kama mama. Daktari aliponiambia mimi mzima, nikajua basi ni wewe. Nikaogopa, ikatoka vibaya."

Nyote wawili mlikuwa mmebeba woga mmoja, kila mtu chumbani kwake, na mkagombania wino. Uliniambia mlisimama hapo mmeishika ile picha wote wawili mpaka yule mama mwenye mtoto mgongoni akawaambia, "Samahanini, picha zangu za kitambulisho zimekuwa tayari?" Kaka yako akacheka kwanza, wewe ukafuata. Nafurahi kwa ajili yenu, nasema hivyo kwa dhati, maana barua nyingi zinazonifikia hazifiki huko.

Kuhusu wifi yako, alikuambia, "Mimi bado sijamaliza kukasirika, nipe muda." Mpe. Yeye ndiye aliyefunga chumba kimoja akaanza kupanga madaftari. Hana deni la kukuchekea wiki hii. Peleka kazi, tuma wapiga picha wenzako warudi, na siku akikuandalia kiti bila kuombwa utajua amemaliza.

Mume wako usimwache hivi hivi kwa sababu mambo ya kaka yamekwenda vizuri. Hakukasirikia skrini. Alikasirika kwa kuwa ulijiandaa kwa giza ukamwacha yeye kwenye mwanga. Mweleze nini ulikuwa unaogopa, siyo nini ulikuwa unafanya. Halafu nyamaza umsikilize, hata akirudia jambo moja mara tatu.

Kwa wateja wako, acha kutetemeka kwa ajili ya jina. Jina linaharibiwa na fundi anayejua kosa akalifunika, si anayelisahihisha. Lakini usiwapigie kabla picha hazijawa tayari, maana utawapa wasiwasi tu. Zile za asili unazo, kompyuta sasa ina kasi, anza na aliyelalamika zaidi, maliza mmoja mmoja. Kila ukimaliza, tuma ujumbe mfupi: rangi za picha zako hazikuwa sahihi kwa hitilafu ya skrini yangu, nimezitengeneza upya, njoo uchukue bila malipo. Basi. Usiwasimulie habari ya shati wala ya Bisibisi, harusi ni yao.

Ile skrini ya zamani usiwape watoto waitumie kujifunza kuchora, na usimuuzie mpiga picha mwenzako. Bisibisi aipeleke zinakopelekwa vifaa vilivyokufa. Mwombe pia aje na kile kidude chake kila baada ya miezi miwili aipime hiyo mpya, kwa sababu nayo itazeeka, na wewe utaizoea vile vile. Picha za asili ziwe na nakala kwenye diski ya pili, na diski hiyo isikae nyumbani kwako. Ikae dukani kwa kaka.

La mwisho halina mjadala. Wewe na kaka yako mtachagua tarehe moja ya mwaka, mtakwenda kliniki pamoja, kila mwaka, mmoja akiingia mwingine anamsubiri nje. Mkitoka, kila mtu arudi kwenye mashine yake. Kuna wateja kumi na wanne wanaosubiri nyuso zao.